Kabla ya Mtambo wa Pili

Safu ya Maswali ya Wasomaji: Mazingira ya Pwani

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka Pate, Malindi na mji wa Hindi kule Lamu, na ingawa kila mwandishi anazungumzia kitu chake, wote watatu wanauliza namna ya kujua madhara ya chombo kipya kabla hakijaenea kila mahali. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndiyo iliyobeba mengi.

*

Mwalimu, asalaam alaykum. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate. Visima vyetu vimeingia chumvi, na maji ya jabia la msikiti hayatufikishi miezi miwili baada ya mvua kukatika. Miaka miwili iliyopita tuliwekewa mtambo mdogo wa umeme wa jua unaoondoa chumvi kwenye maji ya bahari, nasi tunashukuru. Sasa tumeelezwa kwamba mitambo ya aina hiyo itaenezwa katika vijiji vingi vya visiwani, na kwetu utaletwa mwingine wenye nguvu mara kumi. Wazee wavuvi wanataka bahari ipimwe kwanza. Vijana wanasema kilichokuwa cha kupimwa kimeshapimwa, kwa sababu mtambo wa kwanza haukudhuru kitu. Nani kasema kweli? Na kama ni kupima, tupime nini?

Mwenyekiti wa kamati ya maji, Pate

Waalaikumu salaam, mwenyekiti. Wazee wamesema kweli, na ningependa vijana waelewe kwamba hilo halitokani na woga wa mambo mapya. Mtambo wenu wa kwanza umethibitisha jambo moja tu, kwamba unatoa maji yanayonyweka. Haukuthibitisha kwamba bahari ya hapo kwenu inaweza kupokea taka za mtambo ulio mkubwa mara kumi, kwa sababu hakuna aliyeipima bahari hiyo kabla ya mtambo kuwashwa, na kitu kisichopimwa mwanzo hakina cha kulinganishwa nacho mwisho.

Kenya imewahi kujifunza hilo kwa mti. Mathenge ulipandwa Bamburi, kaskazini ya Mombasa, mwaka 1973 ili kufunika machimbo ya mawe, na katika miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo ushike udongo na uwape watu kuni. Pale ulipopandwa mchache, ulifanya kazi uliyoitiwa. Ulipoenea ukaziba njia za mifugo na malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hata mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo walipoishtaki serikali walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani awe ushahidi. Leo mti huo umejaa hadi ng'ambo yenu ya Tana, na kila anayejaribu kuung'oa anajua kwamba swali lililofaa kuulizwa wakati wa mfuko wa kwanza wa mbegu halina tena jibu la bei nafuu.

Sasa tuje kwenye maji. Mtambo wa kuondoa chumvi husukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, maji matamu yakapita upande huu na chumvi ikabaki upande ule pamoja na maji yaliyosalia. Tuseme wenu unatoa lita 40 za maji matamu kwa kila lita 100 zinazovutwa, kiwango ambacho ni cha kawaida kwa mitambo ya bahari. Basi kila mtungi wa lita 20 unaobebwa nyumbani huacha nyuma yake lita 30 za maji ya chumvi kali. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika lita moja, na hayo yanayotupwa yatakuwa na karibu gramu 58. Ikiwa mtambo mpya utatoa lita 50,000 kwa siku, ambazo ni mitungi 2,500, bomba lake litarudisha baharini lita 75,000 za maji hayo kila siku ya Mungu. Duniani kote, utafiti uliotolewa mwaka 2019 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ulihesabu mitambo inayokaribia 16,000, ikitoa mita za ujazo milioni 95 za maji matamu kwa siku na kutupa mita za ujazo milioni 142 za maji ya chumvi kali.

Chumvi hiyo si ngeni, ilitoka baharini na baharini inarudi, na kwa hiyo wapo watakaowaambia kwamba hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba inarudishwa mahali pamoja. Maji ya chumvi kali ni mazito, hivyo hayachanganyiki upesi kama mchuzi unaokorogwa, bali huzama na kutambaa chini, yakitafuta penye bonde kama maji ya mvua yanavyotafuta mtaro. Chini huko ndiko ziliko nyasi za bahari, malisho ya tafi, kasa na nguva. Mlango wa bahari ulio wazi wenye mkondo mkali utayasomba maji hayo kabla hayajatulia, lakini hori lililojificha nyuma ya mikoko, ambako maji hutoka na kurudi yale yale, litayahifadhi. Kwa hiyo mtambo ule ule, wa kampuni ile ile, unaweza kuwa salama katika kijiji kimoja na kuwa na madhara katika kijiji jirani.

Mwaka jana nilipelekwa kuona bomba la kutupia maji la mtambo mmoja mdogo katika pwani yetu. Tulikwenda wakati wa bamvua, maji yamekupwa mbali, nikachutama penye mdomo wa bomba. Lilikuwa bomba jeusi la plastiki, nene kama mkono wa mtoto, limelazwa juu ya matope bila kufungwa kitu. Kutoka hapo nyasi za bahari zilikuwa zimepauka na kulala katika eneo lenye upana wa mikeka miwili, kisha zikaanza tena, kijani, zimesimama. Mvuvi niliyefuatana naye alitumbukiza kidole katika kidimbwi cha hapo, akaonja, akatema. Siwezi kuapa kwamba ni chumvi iliyoziua, kwa kuwa huenda ni nyayo za mafundi walipokuwa wakilaza bomba, au ni dawa ya kuoshea utando. Nilimuuliza msimamizi mahali pale palikuwaje kabla ya bomba, naye hakuwa na picha hata moja. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu picha kumi za simu zilizopigwa siku moja kabla zingetosha kutupa jibu.

Kwa hiyo, mwenyekiti, anzeni na hali iliyopo. Chagueni sehemu tatu, moja pale bomba litakapotolea maji, ya pili hatua mia moja kando yake, na ya tatu mbali kabisa, penye nyasi na kina kinachofanana lakini pasipofikiwa na mtambo, ili mwaka wa joto kali ukiziua nyasi kila mahali msije mkausingizia mtambo, wala mwenye mtambo asije akausingizia mwaka. Pimeni chumvi chini kwenye mchanga, si juu, kwa kifaa kidogo cha mkononi ambacho mradi wenyewe unapaswa kukinunua. Pimeni wakati wa bamvua na pia wakati wa maji mafu, kwa kuwa maji mafu ndiyo yanayoonyesha ubaya: mkondo umelegea na hakuna cha kuyasomba. Na pimeni katika kaskazi na katika kusi, maana bahari ya Pate ya mwezi wa Januari si ile ya Julai. Wazee hao hao wavuvi ndio wapimaji wenu wa kwanza. Wao wanajua tafi walikuwa wakiingia mtegoni wangapi na msimu gani, na daftari la mtego mmoja lililoandikwa kwa uaminifu kwa mwaka mzima ni ushahidi ambao mtaalamu wa kutoka Nairobi hawezi kuuzalisha katika ziara ya siku tatu.

Mbali na chumvi, waulizeni wenye mtambo maji yanavutwa kutoka wapi. Bomba la kuvutia lililowekwa wazi baharini hufyonza mayai ya samaki na vitoto vya kaa, ilhali kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa ufuo huyachuja maji kabla hayajafika. Waulizeni ni dawa gani zinazozuia utando usizibe na zinazouosha, na zinamwagwa wapi. Waulizeni pia utando uliochakaa, ambao kwa kawaida hubadilishwa baada ya miaka michache, unakwenda wapi katika kisiwa kisicho na mahali pa kutupia taka ngumu. Umeme usiwasumbue sana. Mtambo wa bahari hula kama yuniti tatu hadi nne kwa mita moja ya ujazo, na jua la Lamu linatosha.

Lipo jambo jingine ambalo tathmini nyingi za athari kwa mazingira hulipitia kwa mstari mmoja, nalo ni njia mbadala. Sheria inataka zitajwe, na kwenu zipo. Jabia linalovuja na paa lisilo na mfereji ni maji yanayopotea bila mtambo wowote, na sioni sababu ya kununua mashine nyingine ya bei kubwa kabla ya kupaka chokaa jabia alilolijenga babu. Jihadharini vilevile na yeyote atakayewashauri mtambo uvute maji ya visima yenye chumvi kidogo kwa kuwa ni rahisi zaidi kuyasafisha. Chini ya visiwa vyetu maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, na kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita arobaini za maji matamu chini yake. Mkikishusha kiwango hicho kwa kuvuta kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini kwa uwiano huo huo. Watu wa Lamu mjini hunywa maji yatokayo chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na wanajua kwa nini machuguu hayo hayapaswi kujengwa.

La mwisho kwenu ni hesabu ya jumla. Kila kijiji kikiletewa ripoti yake peke yake, kila ripoti itasema athari ni ndogo, na huenda kila moja ikawa ya kweli, lakini hakuna itakayosema mabomba yote pamoja yanafanya nini kwa bahari moja. Mpango wa kueneza mitambo visiwani kote unahitaji tathmini ya kimkakati, ambayo sheria yetu ya mazingira inaitaka kwa sera, mipango na programu, na inayofanywa kabla ya miradi kuanza kugawanywa. Lamu inajua gharama ya kuichelewesha. Wavuvi waliposhtaki kuhusu ujenzi wa bandari katika ghuba ya Manda, moja ya mambo ambayo Mahakama Kuu iliyakuta na kasoro katika uamuzi wake wa mwaka 2018 lilikuwa hilo, na wavuvi wapatao 4,600 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fidia ni haki yao, lakini haikurudisha mwamba uliochimbwa.

Simaanishi kwamba watoto wakae na kiu mpaka mwaka wa vipimo uishe. Mtambo mlio nao uendelee. Huo mpya ujengwe kwa hatua, kwanza mara mbili ya wa sasa, kisha msimu mmoja wa kupima, na kabla ya hatua ya kwanza andikeni kwenye makubaliano ni kipimo gani kikifikiwa kazi itasimama. Kipimo cha kusimama kikiandikwa baada ya pesa kutumika, hakuna atakayekubali kusimama.

*

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Malindi, nina boti ya kuwapeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari. Tunashawishiwa tuache mashine za petroli tuchukue za umeme zenye betri ya lithiamu, kwa mkopo wa chama. Wanasema hazina uchafu. Rafiki yangu anasema uchafu upo, ila umehamishwa uwe wa watu wengine. Nimeshindwa kumjibu.

Nahodha, Malindi

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako ameuliza swali la maana kuliko anavyodhani, lakini asiishie hapo. Mashine ya kizamani ya petroli inayochanganywa na oili hutupa majini hadi kama robo ya mafuta yake bila kuungua, nawe umeona ile rangi ya upinde inayotanda juu ya maji unapoiwasha asubuhi. Kuiondoa hiyo juu ya matumbawe ya hifadhi iliyotangazwa tangu mwaka 1968 ni faida ya wazi, na kwa kuwa takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hata moshi haujahamia mbali. Angekuwa mtu wa kisiwa anayechaji kwa jenereta ya dizeli, ningemjibu vingine.

Njia ya kupima kitu cha namna hiyo ni kukifuata tangu kinapochimbwa hadi kinapotupwa, kisha kukilinganisha na mashine unayoiacha ikifuatwa vivyo hivyo, bila kuipendelea hata moja. Mwanzoni mwa njia, uliza betri ni ya aina gani. Baadhi zina kobalti, ambayo sehemu kubwa huchimbwa Kongo katika hali ngumu kwa watu na kwa mito, na nyingine hutumia chuma na fosfeti, hazina kobalti kabisa, na pia hazishiki moto kwa urahisi kama zile. Kwa boti ningechukua hizo za chuma. Katikati ya njia kuna maji ya chumvi, ambayo hula viungo vya shaba na kuunganisha nyaya zisizopaswa kukutana, hivyo kasha lililozibwa si anasa. Na pahali pa kuchajia pawe mbali na makuti. Nimeona watu wakizilaza betri za pikipiki usiku kucha chini ya banda la makuti, na moto wa lithiamu hauzimwi kwa ndoo mbili za maji.

Ni mwisho wa njia unaonihofisha. Betri ya boti inayofanya kazi kila siku itachoka baada ya miaka kadhaa, na ikiwa chama kina boti hamsini, basi zitachoka karibu wakati mmoja, zote ziko Malindi, na aliyeziuza huenda hayupo. Pwani hii ina kumbukumbu mbaya ya betri. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri za zamani za magari kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014, watoto wakaingiwa na risasi damuni, na baada ya kesi ndefu mahakama iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kiwango ambacho Mahakama ya Juu ilikithibitisha mwaka 2024. Betri zile zilikuwa za risasi wala si lithiamu, lakini kosa la kuanza ni lile lile: zilikusanywa kwa wingi kabla ya kujulikana nani atazishughulikia, wapi, na chini ya macho ya nani.

Kwa hiyo usimkatalie mwenye mkopo, mpe sharti. Mkataba useme kwa maandishi kwamba muuzaji atazichukua betri zilizochoka kutoka Malindi kwa gharama yake, utaje muda, na sehemu ya pesa ishikwe na chama hadi atimize. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imeweka msingi wa wajibu huo wa mzalishaji, kwa hiyo hutakuwa unaomba hisani. Na chama kianze na boti tano, si hamsini.

*

Mwalimu, kuna mradi unaokuja huku kwetu, na aliyekuja kutueleza alisema teknolojia hii ni mpya kiasi kwamba haimo katika sheria ya tathmini, kwa hiyo hakuna ripoti. Je, ni kweli?

Mama wa watoto wanne, Hindi

Si kweli, dada yangu. Jedwali la sheria ya mazingira ya mwaka 1999 halikuandikwa kwa majina ya mashine peke yake, kwani linataja pia shughuli isiyolingana na mazingira ya mahali ilipowekwa, na mtambo ambao haujawahi kuonekana Hindi ni mfano mzuri wa shughuli hiyo. Juu ya sheria hiyo ipo Katiba, ambayo katika kifungu cha 42 inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na katika kifungu cha 69 inaitaka serikali iweke mifumo ya kutathmini athari na iwashirikishe wananchi. Upya wa kitu ni sababu ya kukipima zaidi.

Kanuni za mwaka 2003 zinataka mwenye mradi unaofanyiwa utafiti kamili afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa, awaeleze athari na apokee maoni yao, na tangazo litolewe redioni pia kwa lugha wanayoielewa. Angalia sana mpangilio wa tarehe. Jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, jirani na kwenu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba watu walikutanishwa kabla ya utafiti kufanyika, kwa hiyo hawakuwa na matokeo ya kuyatolea maoni.

Mwandikie mwenye mradi barua fupi kwa Kiswahili, na nakala uipeleke kwa ofisi ya kaunti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ukiuliza mambo matatu: kama ripoti imewasilishwa, inapatikana wapi kusomwa, na mwisho wa kupokea maoni ni lini. Ukiweza, wapate majirani kumi watie sahihi pamoja nawe. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe na uiweke vizuri, kwa sababu leseni ikitolewa, siku 60 za kukata rufaa huanza kuhesabiwa, na muhuri huo utaonyesha kwamba mliuliza mapema.